Msumeno Usio na Breki

Katika mtaa wa maseremala mjini Dumyat, mashine ya Wagdi es-Sabbagh ilisifika kwa ukimya wake. Ilikuwa msumeno wa mkanda, ule ambao meno yake yamo kwenye utepe mrefu wa chuma unaozunguka magurudumu mawili makubwa, moja juu ya meza na jingine chini. Baba yake aliinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na wanaume wanane ndio walioisukuma juu ya magogo kuiingiza karakanani. Mgeni akija, Wagdi alisimamisha sarafu wima juu ya meza, akawasha mota, na sarafu haikuanguka.

Ukiizima, magurudumu yaliendelea kuzunguka kwa uzito wake yenyewe karibu dakika tatu. Nayo yalizunguka bila sauti.

Girgis, fundi mitambo mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akizunguka karakana hadi karakana na mkoba wake wa spana, alimwonya mapema.

"Fundi Wagdi, dude hili halina breki. Na magurudumu yako wazi, mtu anaweza kuingiza mkono popote. Niachie wiki chache nilifunge vizuri."

"Baba alikata nalo miaka arobaini, akazikwa na vidole vyake vyote kumi," Wagdi alimjibu, huku mafundi wengine wakisikia. "Kama umekosa kazi, sema tukuchangie."

Watu walicheka. Girgis alichukua mkoba wake akaenda zake, na kwa miaka miwili hakukanyaga tena pale.

Aliyekata kwa mashine ile siku zote alikuwa Hilmi, mdogo wake Wagdi. Miguu ya viti iliyopinda, migongo ya makochi, chochote chenye mviringo kilipita mikononi mwake, na hakuna mtaani aliyemfikia. Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, adhana ya adhuhuri ikikaribia, Hilmi alikata mguu wa mwisho wa kiti akazima mota. Wagdi alikuwa upande wa pili wa karakana.

"Hilmi! Ule mgongo wa kochi ulisema upana gani?"

Hilmi aligeuza kichwa ili ajibu, na huku anajibu akanyoosha mkono kufagia kipande cha mbao kilichobaki mezani.

Hakupiga kelele. "Kaka," alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba kupokezwa kitu.

Hospitali walijitahidi, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia havikuunganika. Inshirah, mke wa Hilmi, alimkuta Wagdi amekaa kwenye benchi la korido, shati limekaukiwa na damu.

"Shemeji," alimwambia, "mume wangu akirudi akikikuta chuma kile bado kimesimama pale, mimi sikujui na wewe hunijui."

Wagdi aliifunika mashine kwa turubai, na kila alipopita karibu nayo aligeuza uso. Wiki iliyofuata alikwenda duka la mitambo kutazama msumeno mpya. Ulipakwa rangi nzuri, magurudumu yamefungiwa ndani ya milango ya bati, na ukifungua mlango mmoja tu umeme unakatika. Breki ilikuwepo. Lakini alipopitisha gogo nene la mbao ngumu, fremu ilitikisika na mkanda ukapinda ukaacha mstari.

"Mzee, hii si ya magogo kama hayo," muuzaji akasema. "Ya kazi nzito nitakuagizia, ila utasubiri."

Hata huo mwepesi angeuchukua. Hakuwa anatafuta mashine bora, alitaka tu asiione ile ya zamani. Akaahidi kurudi akishaiuza.

Mnunuzi alipatikana upesi, seremala kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto aitwaye Shihata, mtu wa kicheko. Siku aliyokuja, Hilmi naye alikuwepo, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mkono umefungwa bandeji. Wagdi alivua turubai, na kwa mazoea tu, bila kufikiri, akasimamisha sarafu mezani akawasha.

"Mashallah!" Shihata akapiga makofi. "Utadhani imelala!"

Wagdi akazima. Shihata akanyoosha mkono kuichukua ile sarafu.

Wagdi alimdaka kifundo cha mkono kwa nguvu hata yule mtu akapepesuka. "Bado inazunguka!"

Shihata alitazama mkanda, akatazama tena kwa karibu, kisha akacheka kwa aibu. "Lo! Haya, nitaizoea."

Hilmi aliinuka kutoka kwenye kigoda. Taratibu akaanza kuifungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mwisho, akauweka mkono wake mbele ya macho ya Shihata.

"Mimi niliizoea miaka ishirini na miwili."

Kicheko kilikatika. Hata hivyo Shihata alisema, "Mungu akuponye, ndugu yangu. Ila mkinipunguzia, bado naichukua."

"Haiuzwi," Wagdi akasema.

Shihata alipoondoka, Wagdi alisema basi wataipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hilmi akatikisa kichwa.

"Nani atavunja mashine inayokata vile? Watampa Shihata mwingine. Kaka, ukiitoa hapa jinsi ilivyo, utakuwa umemuuzia mtu mkono wangu."

Wagdi alikaa chini, juu ya vumbi la mbao, akalia mbele ya mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu wamzike baba yao.

Kesho yake alikwenda kwa Girgis. Ulikuwa mfungo wa Wakristo wa kule kabla ya Noeli yao, wakati hawali nyama, na mzee alikuwa anakula maharage kwa mafuta na mkate. Wagdi alisimama mlangoni.

"Uliniambia," alisema.

"Nilikuambia."

"Nikakufanya kichekesho mbele ya watu."

Girgis alimega mkate, akamsogezea sahani. "Kula kwanza. Kisha usikilize masharti. Hakuna atakayeigusa mpaka niseme mimi. Na siku nikisikia umetoa kifuniko kwa sababu kinakuchelewesha, usinijue tena."

Kazi ilichukua karibu majira yote ya baridi, na gharama yake haikupishana sana na mashine mpya. Girgis alibadilisha mota, akavika magurudumu mpira mpya, akayafungia ndani ya milango ya chuma, akaweka breki ya kukanyaga kwa mguu. Hilmi alikuja kila siku kutazama. Siku moja akasema, "Nataka isikike."

"Nini isikike?"

"Inapozunguka. Mtu ajue, hata akiwa ametazama kwingine."

Girgis alifikiri, kisha akafunga ulimi wa ngozi ngumu uliogusa gurudumu la chini. Tangu hapo mashine ikawa inapiga tak, tak, tak, na kunyamaza kwake kukawa na maana moja tu, kwamba imesimama.

Inshirah alikuja mwenyewe. Hakusalimu. "Iwashe," aliamuru. "Sasa izime." Akahesabu kwa sauti, na alipofika nne, mlio ukakoma.

"Nne tu," akasema. "Na hili lingefanyika miaka miwili iliyopita."

"Lingefanyika," Wagdi akajibu.

Inshirah akageuka, akaondoka. Hakumsamehe siku ile, na kwa miezi mingi salamu yake ilibaki ya kinywani tu.

Hilmi hakurudi kukata. Alijifunza kuchora vielelezo kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni mistari ilitetemeka kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na Wagdi alikata kwa kuifuata vilevile, bila kuinyoosha, mpaka mdogo wake mwenyewe alipoinyoosha.

Na Girgis alipoanza kwenda karakana nyingine kuwashawishi waweke breki na vifuniko, Wagdi alifuatana naye. Fundi mmoja aliwakejeli, akasema mashine yake haijawahi kumdhuru mtu.

Wagdi alivuta kigoda, akakaa. "Mimi nilisema hivyohivyo, ndugu yangu," akamwambia. "Ngoja nikusimulie."