Kompyuta Iliyosinzia Mama Akingoja

Sisi tuliokulia kambi za polisi hapa Kampala tunajua maana ya kungoja picha. Mstari wetu mzima wa nyumba ulikuwa na televisheni moja tu, ya afande jirani. Jumamosi jioni tulijazana sebuleni kwake, tumeketi sakafuni, vidole vinanuka mafuta ya kabalagala, vile vitumbua vya ndizi. Picha ikianza chenga, hakuna aliyebaki ameketi. Mmoja alipanda juu ya bati kuzungusha antena, mwingine alisimama dirishani kupokeza maneno, sisi wengine tukipiga kelele: "Bado! Bado! Hapo hapo, usitikisike!" Marehemu baba alizoea kusema, "Kitu kikikataa, ita watu." Na watu walikuja, hata wasioipenda televisheni.

Leo nina kompyuta ya mkononi, na nina hasira. Binti yangu anayesoma chuo kikuu alipita hapa nyumbani Old Kampala, akasema mashine imezeeka, akaiwekea Linux, mfumo mpya wa kuiendesha. "Sasa itapaa, Baba." Akarudi hosteli. Mashine ikapaa kweli, intaneti ikabaki chini. Ukurasa mmoja unafunguka chai imeshapoa!

Ningevumilia, ila asubuhi moja Mama alikuwa hospitali Arua akingoja kupasuliwa macho, na daktari alishamwambia huenda asione tena. Akanipigia kwenye katochi yangu, simu isiyojua picha. "Nataka ona uso yako kwanza, mutoto yangu. Fungua hiyo kompyuta." Dada yangu alikuwa kando yake na simu ya kisasa, tayari kupokea simu ya video.

Nikafungua. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Nikafanya nilivyolelewa: nikaibeba kompyuta hadi dirishani, nikapanda kiti, nikainyanyua juu, nikaita majirani. Kijana wa ghorofa ya juu akachungulia, akaniambia nitafute jibu mtandaoni. Mtandao upi, jamani? Ndio vijana wetu hao. Kusimama na mtu dakika moja hawawezi.

Binti yangu alikuwa darasani, simu kaizima. Alipoipokea mchana nilimfokea hadi koo likauma.

"Tulia kwanza, Baba. Shida si dirisha. Hiyo kompyuta iko nalalisha waifai, inalinda betri. Andika vile nakuambia."

Inalinda betri, na waya wa umeme umechomekwa ukutani! Mashine gani hiyo, inasinzia huku mtu anangojewa? Nikaandika amri yake herufi kwa herufi, nikikosea, nikilaani, nikirudia.

Kurasa zikafunguka papo hapo. Picha ikaja safi, hata makunyanzi ya mashavu ya Mama niliyaona. Niliona pia bandeji nyeupe juu ya macho yake yote mawili. Walikuwa wameshampeleka na kumrudisha.

Enzi zetu picha ilikuwa mbovu, lakini tuliitazama sote. Sasa picha ilikuwa safi na niliitazama peke yangu, huku Mama akipapasa kioo cha simu kwa vidole, akimuuliza dada yangu, "Uso yake iko upande gani?"