Barua Niliyokataa Kumwandikia Mama

Nilitumikia balozi zetu katika nchi nne, na nilistaafu nikiwa balozi. Watu wa Kasulo, wilayani Ngara, nilikozaliwa, wanapenda kunitambulisha hivyo kwa wageni. Mimi huitikia, ila moyoni hukumbuka Jumapili moja ya miaka ya wakimbizi wa Rwanda.

Wakati huo nilikuwa ofisa wa kawaida ubalozini. Niliitwa kutoka Ulaya niongozane na wajumbe wa kigeni waliokuja kutazama kambi za Ngara. Nilichaguliwa kwa sababu ya lugha: Kifaransa nilikisoma, na Mhangaza kama mimi akisema na Mnyarwanda wanaelewana. Mchana kutwa nilitafsiri. Vilima nilivyochungia mbuzi utotoni vilikuwa vimefunikwa na maturubai ya buluu, miti yote imekwisha kwa kuni.

Jumapili hiyo nikaomba ruhusa, nikaenda kumsalimia mama. Nilimkuta uani akipukuchua maharage na mama mmoja wa Kinyarwanda, mkunga, aliyetoka kambini na binti yake mdogo. Alikuwa amemzalisha dada yangu salama, na mama akampa chumba nilichokulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapa." Hakunipa hata muda wa kunywa maji. "Wanasema wote watarudishwa kwao. Huyu mumewe aliuawa, na waliomuua ndio wanaolima shamba lake. Wewe unakaa na wakubwa. Andika barua, useme anaishi kwetu, aachwe."

"Mama, barua ya namna hiyo siwezi. Msimamo wa serikali ni mmoja, na mimi ndiye ninayewaeleza wageni."

"Sikukuuliza msimamo wa serikali."

Nikamgeukia yule mkunga. Nikamwambia hali kwao imetulia, atapokelewa vizuri na shamba atarudishiwa. Nilisema kwa sauti ileile niliyotumia kwa wajumbe. Ukweli ni kwamba sikujua lolote; maneno hayo niliyasoma kwenye karatasi siku mbili kabla.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwache, dada," akamwambia mama. "Ana kazi yake."

Waliporudishwa nilikuwa nimeshaondoka. Dada yangu aliniandikia kwamba mama aliwasindikiza hadi barabarani. Tangu hapo mama hakuniomba kitu tena. Hata paa lilipovuja aliwaita majirani, nami nikapata habari kwa watu.

Kazi yangu ilipanda. Kadiri nilivyopanda ndivyo nilivyojifunza jinsi ofisi zinavyokwenda, na kwamba barua ya ofisa kama nilivyokuwa mara nyingi ilitosha. Niliziandika nyingi baadaye, kwa ajili ya watu nisiowajua: mtoto wa tajiri aliyetaka viza, mke wa waziri aliyepoteza pasipoti. Mama alifariki nikiwa ng'ambo. Nilifika siku mbili baada ya maziko.

Nilipostaafu nikarudi Kasulo. Mwaka wa kwanza alikuja mwanamke kijana kutoka Nyarubungo, Biharamulo, alikoolewa na mkulima. Aliposema mama yake alikuwa mkunga nikamtambua. Nikamwuliza habari za mama yake.

"Alifika, lakini shamba hakulipata. Tuliishi kwa watu, leo huku, kesho kule. Akaugua, akafa mwaka wa pili. Nilipokua nikarudi huku."

Nilingoja anilaumu. Kumbe alitaka kuona kaburi la mama yangu. Nikampeleka. Alipiga magoti, akang'oa majani kwa mikono, taratibu, huku akizungumza nami.

"Wenzetu wengi walikimbilia porini wasirudishwe," akasema. "Mama alikataa. Alisema mtoto wa mama huyu anakaa na wakubwa, na amemhakikishia kwamba tutapokelewa vizuri. Alikuamini sana, baba."

Nilitaka kumweleza. Nilianza mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kumwuliza habari za watoto wake na mvua za Biharamulo. Akamaliza kung'oa majani, akafuta mikono kwenye kitenge, akanishukuru.

Mpaka leo hunipigia simu kila Pasaka kunijulia hali. Habari ya ile barua sijamwambia.