Msolo wa Chunguni

Harufu ya udongo mkavu unapopata maji hunikuta popote. Nimepanga vyumba katika miji saba tangu nimalize sekondari, na katika kila mji hutokea jirani mwenye ua lake kwenye kopo, akalimwagilia asubuhi, nami nikajikuta nimefunga dirisha. Watu hudhani ni mafua. Ngoja niwaambie ninyi.

Nikiwa na miaka tisa tuliishi Nachingwea kwa mama mkubwa Somoe, dada mkubwa wa mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu. Kando ya jiko lake kulikuwa na chungu kilichomeguka ukingo, na ndani yake msolo mdogo, mti wa matambiko. Kwetu, hata wanaoswali swala tano humwaga unga chini ya msolo na kuyataja majina ya marehemu wao. Matingatinga yalipokuja kusafisha mashamba ya karanga, msolo wa ukoo ulikuwa katikati ya eneo. Mama mkubwa aliwahi kung'oa mche mmoja chini yake. Kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kudumu, mti ulilazimika kubaki mdogo, wa kubebeka kichwani.

Kila mvua zilipokaribia aliutoa, akaikata mizizi kwa kisu, akaurudisha katika udongo mpya: makonzi mawili ya mchanga wa kijito kwa konzi moja la udongo wa shamba, na vigae vilivyopondwa chini kabisa, juu ya tundu. Miaka mitatu ilipita, haukunifika gotini.

Siku moja habari ikaja kwamba mjomba amepata ardhi Nkowe. Mama mkubwa akaamua kwenda mwezi mzima kusaidia kufyeka, kisha arudi auchukue mti ukapandwe huko. Akanikabidhi.

"Chomeka kidole," alinifundisha. "Kikitoka kikavu, mpe maji mpaka yachuruzike tunduni. Kikitoka na udongo, nenda kacheze. Huyu ni mkubwa kuliko sisi sote, Fatu. Asikufie."

Wiki ya kwanza nilichomeka kidole kwa adabu. Binamu yangu Hadija ndiye aliyenichokoza. "Mti wa miaka mitatu unapitwa na jogoo," alisema. "Mama mkubwa anaunyima. Mbuzi wangu angelishwa hivyo angeshakufa." Nikaona amesema kweli. Tena maji tuliyafuata mbali, ndoo kichwani, shingo ikiuma. Kuyaona yakichuruzika chini na kupotea kuliniudhi. Basi niliziba tundu kwa gunzi, nikajaza samadi mbichi ya mbuzi, nikawa namwagilia asubuhi na jioni mpaka maji yakasimama juu. Nilitaka arudi akute mti mkubwa, anisifu mbele ya watu.

Majani yakawa njano, yakaanguka. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku nilipougusa shina ukanifuata mkononi wenyewe, mizizi myeusi, ukinuka kama muhogo uliosahaulika kwenye maji.

"Nani atajua?" Hadija aliniuliza. "Msolo ni msolo."

Tulitafuta mwingine porini, wa kimo kile kile. Mzizi wake ulikuwa mrefu kuliko mti wenyewe. Niliukunja mara mbili ndipo ukaingia chunguni. Nilizibua tundu, nikarudisha mchanga kama alivyonifundisha. Ule wa kwanza niliutupa kwenye shimo la taka.

Mama mkubwa aliporudi alichomeka kidole, akakitazama. "Umemtunza," akasema, akanipa kipande cha muwa alichonibebea kutoka Nkowe. Niliula mpaka fundo la mwisho.

Siku ya kupanda huko Nkowe, wazee walikaa mkekani wakiwa wamevua viatu. Mama mkubwa alipiga magoti akageuza chungu. Mzizi ule ukakunjuka kama nyoka. Kisha akaufunika kwa viganja vyake vyote viwili, akauteremsha shimoni upesi, akafukia. Akachukua unga, akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini:

"Fatu, una neno?"

Mjomba akakohoa. Wazee walikuwa wananitazama.

"Sina, mama mkubwa."

Alisubiri bado. Halafu akamwaga unga, akaanza kuita majina, la mama yake kwanza. Nilirudi nyumbani kwa mjomba nikirukaruka, nimepona.

Nikiwa na miaka thelathini na kitu nilipata kibarua katika kitalu cha miche huko Songea. Msimamizi alitufundisha kukata mzizi mkuu, akang'oa mche aliokuwa ameukata mwaka uliotangulia ili tuone: mahali pa kisu palikuwa na kishina kifupi na nyuzinyuzi kama nywele zisizochanwa. Mti uliokatwa mzizi mara tatu hauwezi kuwa na mzizi kama ule nilioukunja. Na mkono uliokata ulikuwa wa mama mkubwa: alijua tangu alipogeuza chungu. Niliweka jembe chini, nikasingizia kuumwa tumbo.

Wakati huo mama mkubwa alikuwa ameshafariki. Kila mwaka kabla ya hapo, nilisikia, alikwenda kwenye mti ule na unga wake, kwa kuwa watu wa ukoo walimtegemea.

Siku ile nilidhani anangoja mjomba amalize kukohoa. Alikuwa akiningoja mimi. Neno moja langu, naye angeufunga ule unga na kuwarudisha wazee wote majumbani kwao. Nikasema sina, nikamwachia aubebe uongo wangu mbele ya mama yake.