Ndege Mvuvi wa Kwamndolwa

Mjukuu wangu, kuna asubuhi moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Babu yako akinisikia atanuna, lakini ndivyo ilivyo. Sogea nikusimulie.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka kwetu Kwaluguru, Handeni, nikapelekwa Kwamndolwa, kule Korogwe, kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Asubuhi kijiji kizima kilikuwa shambani, na alasiri watu waliweka majembe chini wakaja darasani. Darasa lenyewe lilikuwa banda la nyasi lenye magogo ya kukalia. Watu wa umri wa wazazi wangu waliniita Mwalimu, na jina hilo lilinipanda kichwani, sikufichi.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha neno "akili". Nikaliandika ubaoni, nikasema kwa sauti kubwa, "Binadamu peke yake ndiye mwenye akili. Mnyama na ndege wanakula tu wanachokikuta."

Mzee Mhina akanyoosha mkono. Alikuwa mvuvi wa ndoana, mpole, na mwaka ule wote hakuwahi kukosa darasa.

"Mwalimu," akasema, "pale mtoni yuko ndege anavua kwa chambo. Anaweka mdudu juu ya maji, anamngoja samaki."

Nikacheka. Si kutabasamu, mwanangu, nilicheka mpaka nikashika ubao. Nikamuuliza, "Na ndoana yake kanunua duka gani, mzee?" Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akatazama chini, akafunga daftari lake, akatoka taratibu.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa wakakosekana wenzake watatu. Wiki haijaisha nikawa nafundisha magogo. Mama mmoja aliyebaki, Mama Zuhura, ndiye aliyeniambia ukweli: "Mwalimu, watu wanaogopa kufungua mdomo hapa. Kama Mzee Mhina umemcheka, sisi je?"

Maneno yale yalinikata maini. Jioni ileile nikaenda kwa mzee. Nilimkuta uani anatengeneza mshipi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Nikasema tu, "Naomba unipeleke nikamwone huyo ndege."

Akaweka mshipi chini. "Wewe umesoma, mwanangu, na mimi nataka unifundishe. Lakini mtoni huendi. Usicheke kitu ambacho hujaenda kukitazama. Njoo kesho asubuhi, na usivae kitenge hicho chekundu."

Tukaenda. Tukakaa nyuma ya matete, kimya, mbu wakinila miguu. Jua likapanda. Nikaanza kufikiri kwamba mzee kanikomoa. Mara akanigusa bega.

Ndege mwenyewe mdogo tu, wa kijivu, shingo kaikunja kama mzee anayesikia baridi. Kashika nzige mdomoni. Nikangoja ammeze. Hakummeza! Alimshusha juu ya maji taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akatulia kama jiwe. Mkondo ukaanza kumchukua yule nzige. Ndege akamfuata, akamdaka, akamrudisha palepale pa mwanzo! Mwanangu, moyo ulinidunda mpaka nikadhani ndege atausikia. Akaweka tena. Akangoja. Maji yakatikisika, kivuli cha samaki kikapanda kutoka chini, na shingo ile iliyokunjwa ikafyatuka kama manati. Chwa! Samaki huyo mdomoni, anang'aa!

"Kavua!" nikapiga kelele, nimesimama, mikono juu. "Mzee, kavua! Kavua kweli!"

Ndege akaruka na samaki wake. Mzee Mhina akacheka mpaka akatokwa na machozi. "Mwalimu, alikuwa anataka kuvua wa pili, umemfukuza!"

Tulirudi mimi ninakimbia, yeye anatembea. Nyumba kwa nyumba nikapita nikiwaita watu. Alasiri banda likajaa, nikasimama mbele yao wote nikasema, "Nilimcheka Mzee Mhina hapa mbele yenu, na hapa mbele yenu namwomba radhi. Alisema kweli. Nimeona kwa macho yangu." Kisha nikampa chaki, atufundishe yeye.

Lo! Siku ile hatukusoma kitabu. Mama Zuhura akaeleza jinsi ndege wa asali anavyowaongoza watu mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Kila mtu alikuwa na lake, tena wanagombea kusema. Mimi nikakaa kwenye gogo, nikaandika wanayosema, na hayo ndiyo tuliyoyasoma mwezi mzima. Mzee Mhina ndiye wa kwanza kuandika sentensi nzima bila kusaidiwa.

Basi nisikilize, mwanangu. Unakwenda chuoni, utajua mengi ambayo mimi siyajui. Mtu akikuambia jambo la ajabu, usimcheke. Mwambie, "Nipeleke nikaone." Akiwa amekosea, mtajua wote wawili. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, usimwombe radhi uchochoroni. Mwombe palepale ulipomvunjia heshima, hata kama sauti inatetemeka. Yangu ilitetemeka.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kukaa kwenye matete. Akukutanishe na watu watakaokueleza ukweli, na wewe uwe mtu ambaye hawaogopi kumweleza. Nenda salama, mwanangu.