Namba Moja, Miraba Minne

Miaka ile ya abakosti, suti ya serikali isiyovaliwa na tai, nilikuwa nayo moja tu, ya kijivu, na kwa ajili yake nilikataa kukanyaga matope. Ndiyo sababu yenyewe, sitafuti nyingine.

Nilikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya maji, hapa Lubumbashi. Ramani yetu ilikata jimbo zima katika miraba mikubwa, na kila mraba ulikuwa na namba moja: mvua ikinyesha, maji yanasimama kiasi gani juu ya udongo. Mraba mmoja ulimeza kilima cha misheni pamoja na bonde lote la njia ya Kipushi, wakati namba ilipimwa kilimani tu. Shefu akataka tuukate katika minne, kila kipande na namba yake. Akanipa fito tatu za kupimia, nikazisimike bondeni. Nilizifungia kabatini. Mvua zilipokwisha niliandika namba ya kilimani katika miraba yote minne. Mistari ilikuwa myembamba, safi kabisa, na shefu akanipa mkono mbele ya wenzangu.

Kabla ya mvua zilizofuata, mama mdogo, aliyenilea, alikuja ofisini. Yeye alikuwa akipanda mahindi juu ya kichuguu kipana kama kilima kidogo, bondeni kule.

"Mutoto yangu, weye njo muntu wa mayi. Nipande huku chini, ao nibakie pa kichuguu?"

Wenzangu walikuwa wakinitazama. Nikapitisha kidole kwenye ramani. "Panda chini, mama. Kule mayi haisimamake."

Yakasimama hadi magotini, majuma mawili. Mahindi yote yalioza. Mwanamke ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi alikula mwaka ule kwa kuomba.

Nilikwenda kwake kuungama, haki ya Mungu nilikwenda. Akanitangulia kusema: "Karatasi ya ofisi haikosake. Ni miye nilichelewa kuchimba mifereji." Mjinga mimi, nikala na bukari yake, ugali wa unga wa kuomba.

Mwaka uliofuata akarudi kuuliza.

"Pa kichuguu, mama," nikamwambia.

"Karatasi njo inasema vile?"

Karatasi haikusema kitu. Ni yeye aliyejua, tangu zamani, kabla sijaanza kushika kalamu. Nikajibu ndiyo. Mahindi yalitoka mazuri, na gunia la kwanza alinitumia mimi, kunishukuru.