Marehemu Niliowazika kwa Ulimi

Mkinicheka sitowalaumu, maana hata mimi bado najicheka. Juzi sisi tuliohitimu chuo cha usiku tulikutana Madungu kuwasomea khitma wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Nikapewa nafasi ya kuelezea sifa za marehemu, na baadaye ilikuwa tumchague mwenyekiti wa umoja wetu. Uwenyekiti huo nilikuwa nautaka mpaka nauota.

Nikaanza na marehemu Hamad wa Tumbe, aliyekuwa akija darasani na baskeli inayonuka dagaa, kisha anatushinda sote hesabu. Watu wakasikitika, lakini nikaona haitoshi.

"Hamad nilimuingiza kaburini kwa mikono yangu hii!"

Siku ile kwa kweli nilikuwa nyuma kabisa, nimeshika ndoo ya maji. Ila mzee mmoja alifuta machozi, basi mori ukanipanda. Marehemu Omar naye nikamzika mwenyewe. Nikafika kwa marehemu Bi Mwanakhamis, mwanamke pekee wa darasa letu.

"Na huyu pia," nikanguruma, "niliingia kaburini nikampokea mimi!"

Watu wakageuziana nyuso. Kwetu mwanamke hupokelewa kaburini na mumewe na maharimu zake tu, ndugu wasioweza kumuoa. Mumewe, Mzee Faki, alikuwa safu ya mbele. Akainuka taratibu.

"Bwana Salim, mle kaburini tuliingia mimi na kaka zake wawili. Wewe ulikuwa nani wake?"

Nikababaika, nikatamka neno la kweli la kwanza mchana ule:

"Dawati moja, mzee. Tulikaa dawati moja tu."

Kicheko kilichopasuka kilivuka bahari kikafika Unguja, na uwenyekiti wangu ukaondoka nacho.