Kibao chenye Jina la Baba Mkwe

Zoezi la anwani za makazi lilipofika kwetu, upande wa Lupepo, njia inayopita mbele ya nyumba yetu ilitakiwa kupewa jina. Kwa lugha yetu pale palikuwa na jina lenye maana ya Mawe Meusi. Wazee walisimulia kwamba mlima Rungwe uliyatema mawe hayo siku ulipokasirika. Kaka yangu akasimama mkutanoni, akapendekeza jina la marehemu babu, mzaa baba. Wote wakakubali. Jamani, tulivimba vichwa! Kibao kilipochimbiwa kando ya migomba nikakipiga picha, nikairusha kwenye grupu la ukoo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka mama.

Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtaji baba mkwe wake, hamtazami, na akimwona anakuja humpisha njia. Wasichana wa siku hizi wanacheka tu. Mama hachekagi. Tangu aolewe hajalitamka jina lile, hata baada ya mazishi, na sasa ndilo jina la mahali anapoishi.

Tuligundua tulichomfanyia tulipompeleka kituo cha afya, Tukuyu. Muuguzi, binti wa watu aliyehamishiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa, akamuuliza, "Bibi, unakaa mtaa gani?" Mama kimya. Akarudia kwa sauti kubwa. Kimya. Akanigeukia mimi: "Bibi ameanza kusahau, eti?"

Kusahau! Mama yangu huyu anayejua kila kaburi kwenye migomba yetu ni la nani? Damu ilinichemka. Nikalitaja jina kwa hasira, na mama akajifunika uso kwa kanga kama vile nimemvua nguo mbele za watu. Niliona aibu.

Tulipotoka nikamwambia nampigia kaka simu aking'oe kibao kile leo leo.

"Thubutu!" akasema mama. Akakaa barazani pa kituo, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mtoto wake wa kwanza alipofariki, ndugu wa mumewe walitaka arudishwe kwao, eti ana mkosi. Alikuwa jikoni analia. Nje ya ukuta akasikia sauti ya baba mkwe, aliyesimama mbali kwa sababu hakuruhusiwa kumkaribia: "Huyu ni mwanangu. Haendi popote."

"Sura yake siijui mpaka leo," akasema. "Naijua sauti ile tu. Jina lake likae pale, watu walisome. Mimi sitalitaja."

"Sasa wakikuuliza unakaa wapi?"

Mwezi uliofuata tukarudi kituoni. Muuguzi yule yule, swali lile lile. Mama akamtazama, akasema kwa utulivu, "Nimesahau, mwanangu."

Binti akanitazama kwa huruma. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, mama akanikanyaga mguu.